Herufi Iliyokupita Iache Iende

Kwa kipindi kirefu nilikuwa opereta wa Morse, ile lugha ya redio ya nukta na vistari, wa kupokea maneno 12 kwa dakika. Mazoezi nilifanya, tena kila siku, na kila siku nilifika palepale. Kwenye 12 nilijaza ukurasa bila pengo. Kwenye 13 jasho lilianza kunitoka. Kwenye 15 karatasi ilijaa matundu, nami nilizima redio nikiwa nimenuna. Wapenzi wa redio ya ridhaa waliowahi kujifunza Morse wanaijua hali hii, na wengi huishia hapo kimyakimya: wanarudi kwenye mawasiliano ya sauti, ufunguo wa kugongea Morse unabaki mezani ukikusanya vumbi.

Ushauri niliopewa ulikuwa mmoja tu, niongeze muda wa mazoezi. Niliongeza, na kilichoongezeka ni uchovu. Kilichonisogeza mwishowe kilianza na hesabu ndogo ambayo sijui kwa nini haifundishwi siku ya kwanza.

Kasi ya Morse hupimwa kwa neno PARIS. Ukijumlisha nukta, vistari na nafasi zake zote, pamoja na nafasi inayolitenga na neno linalofuata, unapata vipimo 50, kila kimoja kikiwa na urefu wa nukta moja. Ukitaka kujua nukta inachukua milisekunde ngapi, gawa 1200 kwa kasi. Kwenye maneno 12 nukta ni milisekunde 100, kwenye 20 ni 60, kwenye 25 ni 48. Kistari ni mara tatu ya nukta, nafasi kati ya herufi na herufi nayo ni tatu, na kati ya neno na neno ni saba.

Sasa, mimi nilijifunza herufi kwa njia ya Koch. Ludwig Koch alikuwa mwanasaikolojia wa Ujerumani katika miaka ya 1930, na wazo lake ni kwamba mwanafunzi aanze na herufi mbili tu, lakini kwa kasi ya kweli, kisha aongezewe moja baada ya nyingine kila anapofikia usahihi wa asilimia 90 hivi. Juu ya hiyo nilitumia nafasi za Farnsworth, jina linalotokana na Mmarekani Donald Farnsworth, mwenye kitambulisho cha redio W6TTB: kila herufi inagongwa haraka, ila nafasi kati ya herufi zinapanuliwa ili mgeni apate kupumua. Maana yake ni kwamba hata nilipokuwa nimekwama kwenye 12, kila K na kila M niliyoisikia ilikuwa inagongwa kwa kasi ya 20. Sikio langu lilikuwa tayari limeshazoea nukta za milisekunde 60. Halikuwa na tatizo lolote.

Kwa hiyo tatizo lilikuwa kwenye ukimya, yaani kwenye kile nilichokuwa nakifanya kati ya herufi na herufi. Kwenye maneno 12 kwa dakika unapokea herufi 60, sekunde nzima kwa kila moja. Kwenye 20 zinakuwa 100, na kila moja ina sekunde 0.6. Kwenye 25 huna hata nusu sekunde. Nilijiangalia nikipokea na kuona sekunde ile naitumia hivi: nasikia, natambua, naandika, kisha natazama nilichoandika kuhakikisha ni chenyewe, kisha nasubiri. Zile hatua mbili za mwisho ndizo zilizokuwa zinanila. Nilikuwa karani anayejikagua katika kazi isiyo na nafasi ya ukaguzi.

Ukaguzi huo unageuka maafa pale herufi moja inapokupita. Chukua kituo kinachotuma neno WEATHER, maana hali ya hewa haikosekani kwenye mazungumzo ya CW, yaani ya Morse hewani. W umeinasa, E umeinasa, A imepita chini ya mkwaruzo wa radi. Kichwa kinageuka nyuma kuitafuta: ilikuwa A au I? Wakati unaamua, T imepita, H imepita, na E ya pili ni nukta moja tu, hukujua hata kama ilikuwepo. Unazinduka kwenye R. Umepoteza herufi nne kwa ajili ya moja, na hiyo moja ungeijaza bila taabu yoyote kama ungebaki na WE-THER kwenye karatasi.

Kila mwalimu wa Morse atakuambia uache herufi iliyokupita. Kusema ni rahisi. Kichwa cha mtu mzima hakikubali kuacha kitu ambacho hakijakamilika, hasa kichwa cha mtu aliyesoma shule akizoezwa kwamba pengo kwenye karatasi ni kosa. Ilibidi nitafute zoezi linalofanya kuacha kuwe ndio lengo lenyewe.

Nilichukua karatasi ya miraba, herufi moja kwa kila mraba. Nikaiweka programu initumie mafungu ya herufi tano zisizo na maana, kwa kasi ya 18, mahali ambapo nilijua fika kwamba theluthi ya herufi zitanipita. Herufi niliyoinasa niliiandika, iliyonipita niliwekea mstari mfupi kwenye mraba wake na kusonga mbele. Mwisho wa zoezi sikuhesabu herufi nilizokosa hata kidogo. Nilihesabu sehemu ambazo mistari miwili au zaidi ilikuwa imeshikana. Pengo moja lililosimama peke yake nililisamehe. Mapengo mawili yaliyoshikana yalinionyesha kwamba niligeuka nyuma.

Hilo lilibadilisha kila kitu, na lilibadilisha haraka kuliko nilivyotarajia. Kwanza mapengo yalitengana bila kupungua: idadi ileile, ila kila moja kivyake. Kisha, bila mimi kuyashughulikia, yakaanza kupungua yenyewe, kwa sababu herufi nyingi nilizokuwa nazikosa hazikuwa ngumu kuzisikia. Zilikuwa majeruhi wa herufi iliyotangulia. Zilizobaki ndizo zilizokuwa ngumu kweli, na hizo zilijulikana: H na S na 5 zikichanganyika, V na 4, B na 6, J na 1, na E, ambayo ni fupi mno kiasi kwamba ikifuatana na herufi ndefu inamezwa. Hizo unaweza kuzitengenezea zoezi lake, mbili mbili, ukimaliza unarudi kwenye mchanganyiko. Kabla ya hapo nilikuwa nazifanyia mazoezi herufi zote 26 kwa usawa.

Hatua iliyofuata sikuigundua mwenyewe. Niliipata kwa mzee mmoja aliyekuwa afisa wa redio kwenye meli za mizigo, wa kizazi cha kabla ya Februari 1, 1999, siku ambayo GMDSS, mfumo mpya wa mawasiliano ya dharura baharini, ulianza kutumika kikamilifu na Morse ikaacha kuwa lazima baharini. Tulikuwa tumewasiliana kwa CW, akanivumilia kwa kasi yangu, kisha akapendekeza tuhamie kwenye sauti. Nikamuuliza, mzee wangu, nyinyi mlikuwa mnapokea taarifa za hali ya hewa kwa saa nzima huku mkipiga taipu, mlikuwa mnawezaje?

"Mwanangu," akasema, "wewe unaandika unachokisikia. Sisi tuliandika tulichokwisha kukisikia."

Akanieleza kwamba mkono wake ulikuwa nyuma ya sikio kwa neno zima, wakati mwingine mawili, na kwamba angeweza kunywa chai, kuweka kikombe chini, halafu vidole vikalifikia lile neno lililosubiri. Hakuona kama ni kipaji. Kila afisa aliyekaa zamu za kutosha alifika hapo.

Mimi sikuwa na zamu za melini, kwa hiyo nililitengenezea zoezi. Programu itume herufi mbili, kisha nafasi. Mkono haugusi karatasi mpaka ya pili iishe. Ni jambo dogo, na mara ya kwanza ni mateso: unahisi ile herufi ya kwanza inayeyuka huku ya pili ikija juu yake. Baada ya muda inaacha kuyeyuka. Unahamia tatu. Nilipofika tatu niligundua kwamba siziweki tena kichwani kama herufi tatu tofauti, zinakaa kama mlio mmoja wenye umbo, na mkono unauandika wote kwa pamoja. Kwenye nne bado nilikuwa natetereka, na sikulazimisha. Mbili zinatosha kumtoa mtu kwenye 15 na kumfikisha 20, kwa sababu zinavunja ile kamba fupi inayofunga kalamu kwenye sikio.

Kuhusu kalamu yenyewe, neno moja. Ukiandika kwa herufi kubwa, E ni mistari minne, M ni minne, W ni minne. Mkono unachoka kabla ya sikio. Nilihamia kwenye herufi ndogo za kuunganisha, mwandiko wa barua, na hapohapo nikapata maneno mawili au matatu ya ziada kwa dakika bila sikio kufanya lolote. Wengine wanahamia kwenye kibodi. Ted McElroy, Mmarekani aliyeweka rekodi ya maneno 75.2 kwa dakika huko Asheville mwaka 1939, alipokea kwa taipureta, na hakuna mwandiko wa binadamu ambao ungemfikisha pale.

Lakini swali kubwa zaidi ni kwa nini tuandike kabisa. Utamaduni wa kuandika kila herufi ulitokana na kazi, ambako ujumbe ulikuwa mali ya mtu mwingine, na ukatokana pia na mitihani. Leseni zilidai upokee kwa usahihi mbele ya mtahini. Marekani njia mojawapo ya kufaulu ilikuwa dakika moja mfululizo bila kosa. Mkutano wa dunia wa mawasiliano ya redio uliofanyika Geneva mwaka 2003 uliondoa sharti la kimataifa la Morse, na Marekani ikafuta mtihani wake wa mwisho Februari 23, 2007. Leo anayejifunza anajifunza kwa sababu anaipenda, na hakuna mtahini anayesubiri karatasi. Mazungumzo ya kawaida hayahitaji kurekodiwa kila neno, kama ambavyo huandiki kila neno la simu uliyopigiwa. Jina, mji, ripoti ya mawimbi, hayo unayaandika. Mengine unayasikiliza.

Hapo ndipo safari ya pili inaanza, kupokea kichwani, na mimi niliiona ngumu kuliko ya kwanza.

William Lowe Bryan na Noble Harter waliwachunguza wapiga telegrafu wa Marekani na kuchapisha matokeo yao mwaka 1897 na 1899. Walichora mikondo ya maendeleo ya wanafunzi. Mkondo wa kutuma ulipanda vizuri tu. Mkondo wa kupokea ulipanda, ukalala bila kupanda kwa muda mrefu, kisha ukapanda tena. Maelezo yao ni kwamba wakati umelala, mwanafunzi anazifanya herufi ziwe mazoea yasiyohitaji kufikiriwa, na anapopanda tena ni kwa sababu ameanza kusikia maneno, na baadaye mafungu ya maneno. Wengine waliokuja baadaye walipinga kwamba kulala huko ni lazima. Fred Keller, mwanasaikolojia aliyehusika kufundisha Morse jeshini wakati wa Vita Kuu ya Pili, alikuwa mmoja wao. Mimi nakubaliana na Keller kwa sehemu: mkondo wangu ulilala kwa sababu nilikuwa nafanya zoezi moja tu, na uliamka nilipolibadilisha. Ila kuhusu maneno, Bryan na Harter walisema kweli tupu.

Nilianza na maneno na vifupisho ambavyo kila opereta anavitumia: DE (kutoka), ES (na), TNX (asante), UR (yako), RST (ripoti ya mawimbi), NAME (jina), QTH (mahali nilipo), HW (vipi), 73 (salamu za kuagana). Kwenye 25 hayo hayana herufi tena. 73 ni wimbo. CQ, wito wa kumwita yeyote anayesikia, ni wimbo ambao hata asiyejua Morse angeuimba baada ya jioni moja. Orodha ya maneno 100 yanayotumika zaidi kwenye Kiingereza nayo inapatikana kwenye programu nyingi, na niliipitisha kwa 25, kisha 28, nikisema neno kwa mdomo badala ya kuliandika. Kusema kwa mdomo kunakunyima ule upenyo wa kuunganisha herufi taratibu. Ama umelisikia neno, ama hukulisikia.

Kisha nikajaribu maandishi ya Kiswahili, na hapo nilipata furaha ambayo sikuitarajia. Kiswahili kinaenda kwa silabi, karibu kila moja ikiishia na irabu, kwa hiyo sikio linapata mafungu madogo ya herufi mbili mbili yaliyokwisha kukatwa. Na, ni, wa, ya, ma, ki, tu: baada ya muda kila moja ina mlio wake. Mtu aliyezoea zoezi la kuchelewesha herufi mbili anajikuta yuko nyumbani. Ila inakufundisha pia umuhimu wa nafasi kwa ukali wa ajabu. Mtumaji akibana kidogo tu nafasi katikati ya "na", unasikia X. Akibana "ma", unasikia Q. "Tu" nayo inakuwa X, "ni" inakuwa B, "si" inakuwa tarakimu 5. Q na X hazimo kwenye tahajia ya Kiswahili, kwa hiyo zikikutokea katikati ya sentensi unajua papo hapo kwamba ni nafasi iliyobanwa, unairekebisha kichwani bila kusimama. Kwenye Kiingereza mfano maarufu ni THE, ambayo ikibanwa inakuwa 6 na E.

Kuna mtego lakini. Lugha unayoifahamu vizuri unaibashiri, na kubashiri kunakupa kasi ambayo si yako. Nikisikia "hali ya" kichwa kimeshaandika "hewa" kabla redio haijasema, na siku redio ikisema "afya" ninakwama mara mbili: nimekosa neno, na nimekosa mawili yaliyofuata kwa kushangaa. Ndiyo maana sijawahi kuacha mafungu ya herufi zisizo na maana hata baada ya kuanza kupokea kichwani. Mazoezi ya maneno yanajenga kasi, yale ya mafungu yanazuia udanganyifu. Na maandishi ya mazoezi yabadilishwe kila mara. Ukirudia faili lilelile mara ya tatu, unakumbuka, husikii.

Vitambulisho vya vituo ni dunia nyingine. Humo hakuna cha kubashiri: herufi, tarakimu, herufi, kwa mpangilio unaobadilika kutoka nchi hadi nchi, na mara nyingi unapewa mara moja tu. Niliyemwona anapokea mazungumzo kwa 25 kwa raha zake anaweza kushindwa kitambulisho kimoja kwa 22. Kwa hili nilitumia programu ya RufzXP, inayokutumia vitambulisho 50, ukipata inaongeza kasi, ukikosa inapunguza. Baadaye nikahamia Morse Runner, inayoigiza mashindano, vituo kadhaa vikikuita kwa pamoja, kila kimoja na mlio wake na mwendo wake, juu ya kelele. Ya pili ni kali zaidi na kwa maoni yangu ndiyo bora, kwa sababu inakuzoesha kuchukua nusu ya kitambulisho na kuirusha ilivyo, ukiuliza iliyobaki. Kwenye hewa ya kweli hiyo ndiyo kazi: si kunasa chote kwa mara moja, ni kutopoteza ulichokwisha kunasa.

Bila kompyuta kabisa, kuna bikoni, vituo vinavyojitumia vyenyewe, za NCDXF na IARU, mashirika ya wapenzi wa redio ya ridhaa. Ni 18, zimetawanyika duniani, na zinapokezana kwenye 14.100 MHz na masafa mengine manne, kila moja ikipewa sekunde 10, mzunguko mzima dakika tatu. Kila moja inagonga kitambulisho chake kwa maneno 22 kwa dakika, halafu vistari virefu vinne, cha kwanza kwa wati 100, kisha 10, kisha 1, kisha sehemu ya kumi ya wati. Zamani nilizisikiliza kujua njia zipi za mawimbi ziko wazi. Sasa nazitumia kama mtihani wa asubuhi: 4X6TU, 5Z4B, JA2IGY, ZL6B, zinakuja kwa mpangilio maalumu lakini zikipanda na kufifia, na baadhi hazisikiki kabisa siku hiyo. Baada ya wiki chache utakuwa umezikariri, kwa hiyo zisiwe mazoezi yako pekee. Faida yake ni kukufundisha Morse ya 22 iliyozama kwenye kelele, ambayo si sawa na Morse ya 22 inayotoka safi kwenye programu.

Kelele zinanileta kwenye kichujio. Nilikuwa mpenzi wa kichujio chembamba. Hezi 200, hata 100, kituo kimoja tu kinabaki, kimya kitakatifu. Lakini kichujio chembamba kinavuma: nukta inapokatika, mlio unaendelea kidogo, na kidogo hicho kinakula nafasi iliyo kati ya alama na alama. Kwenye 12 hukioni. Kwenye 25, ambako nafasi hiyo ni milisekunde 48, nukta zinaanza kuungana, H inakuwa kama kistari chenye mawimbi. Nikifungua hadi 400 au 500, kelele zinarudi na herufi zinarudi nazo, zikiwa na ncha zake. Sikio lenyewe ni kichujio kizuri likizoezwa. Mlio niliushusha hadi hezi 550 hivi, na sauti ya hedifoni niliipunguza mpaka chini kidogo ya nilivyodhani nahitaji. Sauti kubwa inachosha haraka, na sikio lililochoka hurudi kuhesabu nukta.

Programu ina mkono mmoja, usiobadilika. Watu wana mikono yao. Kuna anayetumia ufunguo wa kawaida, vistari vyake virefu mno. Kuna mwenye ufunguo wa nusu otomatiki, wa aina ya Vibroplex, unaotoa nukta zenyewe kwa mfululizo na kumwachia vistari avigonge kwa mkono, basi nukta zinakimbia na vistari vinatembea. Kuna anayeunganisha maneno yote kana kwamba nafasi zinauzwa. Niliyejizoeza kwa programu pekee nilikuta 20 ya hewani ni ngumu kuliko 25 ya mezani. Dawa ni kusikiliza watu, sehemu ya chini ya bendi ya mita 40 au 20, bila kujibu, bila kuandika, kama mtu anayekaa barazani kusikiliza maongezi ya wakubwa. Unajifunza pia adabu zao: anayeitikia hujibu kwa kasi ya aliyeita, na ukituma QRS, muungwana atapunguza bila kunung'unika. Tuma kwa kasi unayoweza kupokea. Ukigonga 25 kwa sababu padeli ya kielektroniki, inayotoa nukta na vistari yenyewe, inakuruhusu, jibu litarudi kwa 25, na hapo utajilaumu.

Na woga nao ni sehemu ya kasi, ingawa hauandikwi kwenye hesabu ya PARIS. Mezani nilikuwa nafika 22, hewani nilikuwa narudi 15 mara tu kitambulisho changu kikisikika kwenye hedifoni. Moyo unaenda mbio, masikio yanaziba. Mazoezi hayakuniondolea hilo, wingi wa mawasiliano ndio uliolipunguza. Mashindano mafupi yalinisaidia zaidi ya mazungumzo marefu, maana unachopokea kinajulikana mapema, kitambulisho, 5NN (ripoti ya 599 kwa kifupi), namba, na unarudia jambo lilelile mara nyingi kwa saa moja mpaka mwili unachoka kuogopa.

Zoezi moja bado nalifanya kila ninapoketi. Dakika chache kwa kasi ya juu kuliko uwezo wangu, 30 au 32, nikichukua nilichoweza bila kujali. Kisha nashuka 25. Kwa muda, 25 inasikika ina nafasi kubwa katikati ya herufi. Nikizidisha muda wa ile ya juu, faida inapotea na kichwa kinauma, kwa hiyo naacha mapema, na zoezi zima halizidi robo saa. Mara mbili kwa siku hivyo ni bora kuliko saa moja ya mfululizo, na hili nitabishana na yeyote.

Kinachonisumbua sasa ni tarakimu. Kila tarakimu ni alama tano, na sifuri inachukua vipimo 19. Kwenye 25 hizo ni zaidi ya milisekunde 900, wakati E imekwisha kwa 48. Tarakimu inaenda polepole kiasi kwamba kichwa kinapata muda wa kuhesabu, na kikipata muda kinahesabu. Ndiyo maana kwenye mashindano watu wanafupisha, 599 inakuwa 5NN, sifuri inakuwa T. Kwa sasa nimeiweka programu inipe tarakimu tupu kwa 32, kasi ambayo kuhesabu hakuwezekani, na ninaandika kwenye karatasi ileile ya miraba. 7 na 8 zimeanza kukaa. 2 na 3 bado zinashikana.